Miti katikati ya mahindi inapunguzaje hewa ukaa? Tuelewane taratibu

Siku hizi ukikaa kijiweni, iwe Urambo, Kaliua au hapa Tabora mjini, haipiti siku mtu hajataja kaboni. Mmoja anasema kuna watu wanakuja kununua hewa, mwingine anabisha, anasema wanachotaka ni ardhi, ukishapanda miti yao shamba si lako tena, wa tatu kasikia redioni kwamba mkulima akichanganya miti na mahindi anasaidia kupunguza joto la dunia na hapo ndo kelele zinaanza, maana watu wanauliza, hivi miti ishirini ya mtu mmoja Sikonge itapunguza joto la dunia kivipi? Swali ni la haki kabisa na linastahili jibu linaloeleweka, siyo maneno ya semina. Mimi nimelifuatilia hili jambo kwa muda, nalipenda, na naona tukilielewa vizuri watu wa ukanda huu tuna cha kupata kuliko wengi wanavyodhani, kwa hiyo naomba twende pamoja polepole.

Tuanze na hewa yenyewe. Jua linapiga ardhi, ardhi inapata joto, kisha inalirudisha juu, na huko angani kuna gesi zinazolizuia lisiondoke lote. Hizo ndo gesijoto. Kwa asili yake siyo kitu kibaya, bila hizo dunia ingekuwa baridi ya kugandisha, shida ni kwamba tumeziongeza kupita kiasi. Za kukumbuka ni tatu. Ya kwanza ni hewa ukaa, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni, inatoka ukichoma petroli, dizeli, makaa ya mawe, kuni, msitu, chochote chenye kaboni ndani yake. Kabla ya zama za viwanda kwenye kila chembe milioni 1 za hewa kulikuwa na kama 280 za hewa ukaa, leo zimepita 420. Ya pili ni methani, inatoka kwa ng'ombe akicheua, kwenye majaruba ya mpunga yaliyosimama maji, na kwenye takataka zinazooza bila kupata hewa. Ya tatu ni naitrasi oksaidi, hii wengi hawajawahi hata kuisikia lakini mkulima ndo inamgusa moja kwa moja, kwa sababu inatoka kwenye udongo uliotiwa mbolea ya naitrojeni au samadi, na kilo 1 yake inaleta joto sawa na kilo 273 za hewa ukaa ukipima kwa miaka 100.

Sasa mtu atasema, kwani sisi ndo tuliochafua? Hapana. Sehemu kubwa ya gesi hizi imetokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, na mkulima wa jembe la mkono wa Uyui hana kesi ya kujibu hapo. Lakini kilimo, ukataji wa misitu na matumizi mengine ya ardhi kwa ujumla wake duniani vilichangia kama asilimia 22 ya gesijoto zote mwaka 2019, hiyo siyo ndogo, na kwa nchi kama yetu isiyo na viwanda vingi sehemu kubwa ya mchango wetu inatoka hapohapo, kwenye misitu inayoondoka. Takwimu za serikali za kati ya mwaka 2002 na 2013 zinasema Tanzania ilikuwa inapoteza hekta 469,420 za misitu kwa mwaka. Kila mwaka! Aliyezaliwa Tabora miaka ya 80 hahitaji hata kusomewa hiyo namba, anajua kuni zilikuwa zinaokotwa wapi alipokuwa mtoto na sasa hivi mama zake wanazifuata wapi.

Kilimo mseto tunachozungumzia hapa ni kule kuwa na miti ndani ya shamba kwa makusudi, pamoja na mazao au mifugo, kwa mpango. Siyo kupanda msitu halafu ukaacha kulima, na siyo ule mwembe mmoja wa kupumzikia mchana, ingawa na wenyewe una faida zake. Inaweza kuwa mistari ya miti katikati ya matuta ya mahindi, inaweza kuwa miti mirefu iliyoachwa kwa nafasi, miti mpakani, kipande cha kuni pembeni ya shamba, au kahawa na migomba chini ya kivuli kama wanavyofanya wenzetu wa Kasulu na Buhigwe miaka nenda rudi bila kusubiri mtu aje na jina la kitaalamu.

Mti unafanya nini na hewa ukaa? Fikiria kihenge cha mahindi. Mavuno yanaingia, familia inakula, kilichobaki ndo akiba. Mti mchana unavuta hewa ukaa kupitia majani, kwa nguvu ya jua unaichanganya na maji kutengeneza chakula chake, oksijeni unaiachia na kaboni unaibakiza, hiyo kaboni ndo inakuwa shina, matawi, mizizi. Ule mbao unaoushika mkononi, karibu nusu ya uzito wake ukiwa mkavu ni kaboni iliyokuwa hewani. Mti ukikua kihenge kinajaa, ukiuchoma umekifungua na kumwaga chote nje, na ukiuacha ukakomaa utafika mahali kihenge kimejaa na kinachoingia kwa mwaka kinakuwa kidogo sana.

Tupige hesabu kidogo, haitaumiza kichwa. Chukua mti ambao ukiukausha kabisa, shina na matawi yote, unafika kilo 200. Nusu yake, kilo 100, ni kaboni. Kila kilo 1 ya kaboni ilipokuwa hewani imeshikana na oksijeni ilikuwa ni kilo 3.67 za hewa ukaa, kwa hiyo mti ule umetoa hewani kilo 367. Lita 1 ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3, maana yake mti mmoja wa saizi hiyo umefuta moshi wa lita 160 za petroli, na wenye bodaboda mnajua wenyewe hizo ni siku ngapi za kuhangaika barabarani. Ukiwa na miti 40 ya namna hiyo kwenye ekari yako, hapo ni tani 14 na ushee. Haiji kwa mwaka mmoja, ni ya miaka mingi, lakini inakuja na huku bado unavuna mahindi, na wakulima wa hivyo wakiwa laki moja siyo tena suala la miti ishirini ya mtu mmoja.

Hapa kuna watu wanauliza jambo la maana sana, wanasema sawa, lakini nikiukata si hewa inarudi? Ndiyo, inarudi ukiuchoma. Ukiupasua mbao hairudi mapema, kitanda cha mninga alichokiacha babu bado kimeishika kaboni ileile. Na ukiuchoma lakini ukapanda mwingine au kisiki kikachipua, mpya unaivuta tena ile uliyoitoa. Tatizo ni kukata ambako hakuna kinachorudi, na hapo ndo tunafika kwenye jambo ambalo kwa Tabora naona ni kubwa kuliko hata hiyo kaboni ya kwenye miti yenyewe ya shambani.

Ni bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto. Anayelima tumbaku ya mvuke anajua, ukishapanga majani ndani ya bani jiko linalishwa magogo usiku na mchana karibu wiki nzima, mtu halali, anachungulia kipimajoto, anaongeza kuni, mpaka ule mshipa mnene wa katikati ya jani ukauke kabisa. Halafu bani linalofuata. Na magogo hayo kwa miaka mingi yametoka miombo, yaani msitu wetu wa asili, mtundu na ndugu zake, miti iliyochukua miongo kufika unene ule. Mti wa miombo haukui haraka kama mkaratusi. Juu ya hapo tumbaku inachosha ardhi yetu ya kichanga, mkulima anahama, anafyeka pori jipya, anachoma, anapanda. Kwa hiyo msitu unaliwa mara mbili, mara ya kuni na mara ya shamba jipya. Ongeza mkaa unaosafirishwa kwenda mijini, picha inakamilika.

Sasa mkulima akiwa na kuni zake mwenyewe, zimeota kwenye ardhi yake, na ardhi yake ikabaki na nguvu asihitaji kuhama, msitu wa miaka 60 unabaki umesimama. Hiyo kaboni haihesabiki kwenye miti aliyopanda lakini ndo faida kubwa kuliko zote, na ndo ambayo kwenye mazungumzo ya kijiweni sijawahi kusikia ikitajwa. Na msitu ukisimama na nyuki wanabaki, asali ya Tabora inatoka kwenye maua ya miombo, hatuna kiwanda kingine cha asali.

Hili siyo jambo la kufikirika. Pale kituo cha utafiti cha Tumbi, nje kidogo ya mji wetu, watafiti wakishirikiana na ICRAF, kile kituo cha kimataifa cha kilimo mseto chenye makao Nairobi, walianza kulifanyia kazi tangu miaka ya 1980 mwishoni. Walichopendekeza ni mashamba ya kuni ya mzunguko. Unapanda miti inayokua haraka, kwa mfano ule mgunga wa kutoka Australia na Papua New Guinea unaoitwa Acacia crassicarpa, katikati yake unaendelea kulima mahindi kama miaka 2 au 3 ya mwanzo wakati miti bado midogo haina kivuli, halafu unaiacha ikue yenyewe, na ukifika mwaka wa 5 hivi unakata, unapata kuni za bani, unarudisha mahindi katikati ya visiki kwenye udongo uliopumzika na kupata majani yaliyooza. Ukiwa na vipande kadhaa vya umri tofauti kila mwaka kuna kimoja kinavunwa. Kasoro yake ni kwamba aina hiyo ukiikata mara nyingi haichipui, inabidi upande upya, ndo maana siyo vizuri kushika aina moja tu.

Tuje kwenye mbolea, maana hapa mfuko ndo unauma. Urea inatengenezwa kwa gesi asilia na joto kubwa sana kiwandani, kwa hiyo kabla haijafika Nzega imeshatoa hewa ukaa nyingi. Ikifika shambani inaendelea. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na kwa makadirio ya jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi kama asilimia 1 ya hiyo naitrojeni inaishia hewani kama naitrasi oksaidi, ukifanya hesabu mfuko mmoja unaleta joto karibu sawa na kilo 100 za hewa ukaa, bado hujahesabu ya kiwandani. Na hiyo ni kila msimu, mwaka hadi mwaka.

Kuna miti ambayo kwenye mizizi yake wanaishi bakteria wenye uwezo wa kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea. Gliricidia ndo maarufu, lusina, sesbania, na mbaazi yetu ya kawaida, ingawa hiyo ni kichaka zaidi kuliko mti. Gliricidia unaipanda kwa mistari kati ya matuta, ukishaimarika unaukata chini, unaacha kisiki cha futi moja hivi, majani na vijiti laini unavifukia kwenye tuta, ukichipua unakata tena. Majani yake ni laini, yanaoza upesi, ukifukua baada ya mvua chache unakuta yameshakuwa meusi yanavunjikavunjika vidoleni. Mama mmoja wa Uyui alinionyesha tuta lake la gliricidia na la jirani ambalo halina, akachimba kwa kidole tu, la kwake kidole kinazama na udongo una ubaridi, minyoo ipo, la pili ni mchanga unaomwagika kama sukari. Hakunieleza kaboni hata mara moja. Aliniambia tu kwamba mvua ikikata wiki 2 mahindi yake hayajikunji haraka kama ya wenzake.

Na ule weusi wa udongo wenyewe ni kaboni pia. Watu wanafikiri kaboni ni ya kwenye shina tu, kumbe mizizi inayokufa na majani yanayooza yanaacha sehemu ya kaboni chini ardhini, na huko inaweza kukaa muda mrefu ilimradi usiuchome wala kuuvuruga udongo hovyo. Kwa kichanga chetu hiyo ndo inayoshika maji na mbolea.

Kule Makoka, Malawi, majaribio ya gliricidia na mahindi yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 na yakaendelea kwa miaka mingi kwenye mashamba yaleyale, na mahindi yaliyopata majani hayo bila mbolea ya dukani yalizaa mara kadhaa zaidi ya yale ambayo hayakupata chochote. Lakini nisidanganye watu, siyo kwamba tupa mbolea yote leo. Gliricidia haileti fosforasi, udongo ukiwa na upungufu huo utaendelea kuwa nao, na miaka 2 ya kwanza mti bado mdogo hauna majani ya kutosha. Kinachofanya kazi vizuri ni kuchanganya, majani pamoja na mbolea kidogo, unapunguza mifuko polepole kadiri miti inavyokua. Tulipoona bei ya mbolea ilivyoruka 2021 na 2022 mpaka serikali ikaleta ruzuku, nilijiuliza ni wakulima wangapi wangelala usingizi kama wangekuwa na mistari yao ya gliricidia. Pia kusema kweli majani nayo yakioza yanatoa naitrasi oksaidi kiasi fulani, siyo sifuri, ila kiwanda na lori vimetoka kwenye hesabu.

Moto nitaupitia haraka ingawa unanikera. Agosti na Septemba ukisafiri kwa treni kwenda Kigoma unaona moshi pande zote. Kuchoma shamba na pori kunatoa siyo hewa ukaa tu, kuna methani na naitrasi oksaidi kwenye ule moshi, na majani makavu ambayo yangekuwa mbolea yanageuka majivu yanayopeperuka. Mkulima mwenye miti shambani haruhusu moto hata siku moja, analinda mali yake, na hiyo peke yake inabadilisha kijiji.

Sasa yale yanayosemwa mitaani. Kwamba miti inamaliza maji na rutuba, hilo lina ukweli wa nusu. Mkaratusi ukiupanda mpakani mwa mahindi utaona mistari ya karibu imedumaa, na karibu na chemchemi usiupande kabisa. Lakini huwezi kuhukumu miti yote kwa mkaratusi. Kuna mgunga wetu wa asili wa Afrika, Faidherbia albida, wenye tabia ya ajabu, mvua zikianza unapukutisha majani, kwa hiyo wakati mahindi yanahitaji jua na chakula wenyewe umelala, kiangazi ndo unachanua majani, ng'ombe wanapata kivuli na maganda ya kula na samadi inabaki palepale chini yake. Mti wa namna hiyo unashindania nini na mahindi?

Kwamba usiku miti inatoa hewa chafu. Kweli usiku mti unapumua na kutoa hewa ukaa, kama kila kiumbe, ila mti unaokua unavuta mchana nyingi kuliko unazotoa, ushahidi ni huohuo mbao, isingekuwa hivyo shina lingejengwa na nini?

Kwamba ukipanda miti mvua itakuja shambani kwako, hapana. Misitu mikubwa inachangia unyevu wa mvua kwa eneo kubwa, lakini miti 50 ya ekari yako haiiti mvua. Inachofanya ni kuhakikisha ile iliyonyesha inazama ardhini badala ya kukimbilia mtoni na udongo wako. Wanaowaahidi watu mvua wanaharibu kazi, maana ukame ukija mwaka wa 3 watu wanang'oa.

Na hili la kwamba miti yoyote popote ni nzuri kwa hali ya hewa, hapo Kigoma ndo mfano mzuri. Serikali imesukuma sana mchikichi tangu 2018, kituo cha utafiti cha Kihinga kinatoa mbegu bora, na mchikichi ni mti wenye faida kubwa, mimi naunga mkono. Ila mchikichi uliopandwa kwenye shamba la zamani lililochoka, miaka ya mwanzo ukiwa na maharage na mihogo katikati, unaongeza kaboni. Mchikichi uliopandwa baada ya kufyeka msitu na kuuchoma umemwaga kihenge kilichojaa ili uanze kujaza kipya, na itachukua miaka mingi kurudi ulipokuwa. Mti uleule, matokeo tofauti kabisa. Ukisikia mtu anajisifia idadi ya miti muulize kwanza pale palikuwa na nini kabla.

Halafu kuna njia ambayo haihitaji hata mche. Miombo ukiikata inachipua, kwenye kisiki na kwenye mizizi. Kwenye shamba lililofyekwa miaka michache iliyopita utaona machipukizi kila mahali na kila msimu tunayakwangua kwa jembe. Ukiacha visiki vichache kwa nafasi, ukachagua machipukizi 2 au 3 yaliyonyooka na kupunguza mengine, mti unakimbia kwa sababu mizizi yake ni ya zamani iko chini sana. Dodoma wanaita Kisiki Hai. Huko Niger, upande wa Maradi, Tony Rinaudo, raia wa Australia, alianza kuwahimiza wakulima wafanye hivi mwaka 1983 baada ya miche ya kupanda kufa mwaka hadi mwaka, na leo inakadiriwa wamerudisha miti kwenye hekta milioni 5 hivi, nchi kavu kuliko Igunga. Sisi tunakwangua mali bure.

Pesa ya kaboni sasa, maana ndo iliyoanzisha mabishano. Hakuna anayenunua hewa yako. Kinachouzwa ni uthibitisho kwamba tani 1 ya hewa ukaa imehifadhiwa au haikutoka, na kampuni au nchi inayotoa moshi inanunua huo uthibitisho ili kufidia wa kwake. Tanzania imeweka kanuni za biashara hii mwaka 2022 na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, kwa hiyo mtu akija kijijini na fomu kuna mahali pa kuulizia. Vijiji vya wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi, jirani zetu kabisa, vinapata pesa kwa kulinda msitu wao, watu wanajenga shule na zahanati. Ila hiyo ni ya msitu wa kijiji. Ya miti ya shambani ni tofauti, ipo, mpango wa TIST, unaowalipa vikundi vidogo vya wakulima wanaopanda miti, ulianzia Mpwapwa mwaka 1999, lakini mkulima mmoja wa ekari 3 hawezi kuuza peke yake, gharama za kupima na kukagua zinamzidi, inabidi kikundi au AMCOS, yaani chama cha ushirika wa wakulima, na pesa yenyewe kwa mti mmoja ni ndogo na inachelewa. Ushauri wangu ni kwamba panda kwa ajili ya kuni, majani, matunda na udongo, ya kaboni ikija iwe nyongeza. Ukipanda kwa kuitegemea hiyo tu utakata tamaa mapema.

Kabla ya kusaini chochote uliza mkataba ni wa miaka mingapi, uliza mti ukifa au ukitaka kuukata inakuwaje, uliza pesa inagawanywaje na nani anapima, na uliza kwa maandishi kama ardhi inabaki yako. Mkataba wa miaka 30 unawahusu na watoto wako, wasomewe na wao.

Jambo la mwisho ni lile linaloua miti yetu kuliko ukame, mifugo ya kiangazi. Mahindi yakishavunwa shamba linahesabiwa ni la wote, ng'ombe na mbuzi wanaingia, na mche wa kijani peke yake kwenye eneo zima la makapi makavu haulali. Miche mingi inayogawiwa kwa mbwembwe na kupigwa picha inaishia hapo, ndo maana mimi idadi ya miche iliyogawiwa hainiambii kitu, niambie iliyo hai mwaka wa 5. Sheria ndogo ya kijiji inaweza kulimaliza hili, kuna vijiji vya upande wa Nzega na Shinyanga ambako watu wanatenga ngitili, yaani eneo la malisho ya akiba, na mchungaji hathubutu kuingiza mifugo hadi wakati wake, utaratibu huohuo unaweza kuwekwa kwa mashamba yenye miti michanga. Anayetaka kuanza msimu ujao gliricidia aanze kitalu Agosti au Septemba, viriba vikae chini ya kivuli chepesi, vimwagiliwe asubuhi na jioni, ili Desemba ardhi ikishalowa vizuri miche iwe na kimo cha kutosha kuhamishwa, na ile miezi ya kitalu aitumie kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuzungumza habari ya mbuzi.